Mtoto katimiza miezi yake lakini kazaliwa na kilo mbili: ubongo wake uko salama?

mkunga_mufindi (mwanzisha uzi)

Kamwene wadau, wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na mliotawanyika huko duniani.

Kuna swali naulizwa sana wodini, na anayeuliza kwa kawaida si mama aliyejifungua, ni bibi wa mtoto. Anasubiri nimalize kuandika, ananivuta mpaka dirishani, anashusha sauti: "Sista, huyu akili zake zitakuwa timamu?"

Mtoto anayeulizwa si njiti. Katimiza wiki 38 au 39, kalia vizuri, ila mizani imegoma kwenye kilo mbili. Ukimfunua khanga unamjua papo hapo. Ngozi ya mapaja imelegea, mbavu zinahesabika, kitovu chembamba, kucha zimepita ncha za vidole, viganja vinabanduka. Kichwa kinaonekana kikubwa kwa mwili ule. Na macho kayatoa: anafuata taa, anafuata uso wako, wakati wenzake wa kilo tatu na nusu wamelala fofofo.

Majibu ambayo bibi huyu anapewa mtaani ni mawili, na yote yananikera. La kwanza, "atakua tu, hata mjomba wake alizaliwa hivyohivyo." La pili, "huyo tayari ni mzito wa kichwa, msije mkapoteza ada." Ngoja nijibu kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Udogo peke yake si ugonjwa. Mama mfupi, mwembamba, anaweza kuzaa mtoto wa kilo 2.5 aliyekua sawasawa kwa umbo la ukoo wao. Wataalamu huwapanga kwa uzito watoto 100 wa umri uleule wa mimba, na wale 10 wa chini ndio wanaohesabiwa kuwa wadogo kuliko umri wao. Kati ya hao 10 wamo wadogo wa asili, na wamo waliokuwa na uwezo wa kuwa wakubwa wakakwamishwa. Nazungumzia hawa waliokwamishwa.

Kinachowakwamisha mara nyingi ni kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya damu ya mji wa mimba inatakiwa itanuke ili damu iingie kwenye kondo kwa wingi na kwa utulivu. Isipotanuka vizuri, oksijeni na chakula vinapita kwa kubanwa miezi yote iliyobaki. Mama huyohuyo ndiye mara nyingi presha inampanda mwishoni, na wengine wanaishia kwenye kifafa cha mimba.

Mtoto naye anajitetea. Anaanzisha mgao, kama ule wetu wa umeme: hospitali inaachiwa, mitaa inazimwa. Damu inaelekezwa kwenye ubongo, moyo, na tezi zilizo juu ya figo. Ini, misuli, utumbo na mafuta ya chini ya ngozi vinasubiri. Ndiyo maana kichwa kimeendelea kukua na mapaja hayana kitu.

Zamani hiyo ilichukuliwa kuwa habari njema tupu: mwili umeumia, ubongo umepona. Picha za MRI na ufuatiliaji wa watoto hao hadi umri wa shule vimeleta picha nyingine. Mtoto aliyefikia kuanza mgao ni mtoto ambaye tayari kabanwa, na damu kuongezeka kichwani haimaanishi kila sehemu ya ubongo imepata haki yake. Ukiwalinganisha kwa makundi, waliokwama tumboni wana gamba la juu la ubongo lenye ujazo mdogo zaidi. Mikunjo ya gamba hilo inakuwa tofauti. Hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, inakuwa ndogo. Na mailini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva ili taarifa zikimbie, unachelewa kutandazwa.

Wakati ndio unaouma. Wiki ya 34 ubongo una takriban theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao wiki ya 40. Yaani miezi ileile ambayo kondo dhaifu linaelemewa ndiyo miezi ambayo ubongo unajenga kwa kasi, unajikunja, unaunganisha seli na seli.

Hayo yanakuja kuonekanaje kwa mtoto? Kwa wengi hayaonekani kabisa. Kwa baadhi, lugha inachelewa kidogo, umakini unakuwa mfupi, mikono haina ustadi, hesabu zinasumbua. Wastani wa kundi unashuka kwa pointi chache kwenye vipimo vya akili, lakini mtoto mmoja mmoja anaweza kuwa popote, hata juu ya wenzake. Mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo na mwendo unaotokana na ubongo kuumia, nao nafasi yake inapanda mara 4 hadi 6 kwa watoto hawa wadogo.

Kwa hiyo bibi namjibu hivi: hakuna aliyeandikiwa kuwa mzito wa kichwa, na hakuna wa kuachwa akue tu. Huyu ni mtoto wa kufuatiliwa.

Zamu inaanza. Nitarudi jioni kwa maswali.

fundi_Mwanjelwa

Sista umeshusha nondo. Naweka kambi hapa.

Ila swali. Kama tatizo ni kondo, mbona kliniki wanatulaumu chakula? Mke wangu alikula ndizi za Tukuyu, parachichi, maziwa, mpaka mimi nikanenepa. Mtoto katoka na kilo 2.2.

DktKijana

Sista, kwa heshima, naomba nikukatishe kwenye mtindio wa ubongo. Hiyo "mara 4 hadi 6" ni ya kweli, imetoka kwenye rejista za Ulaya na ilichapishwa 2003, lakini ukiitupa peke yake unapandisha watu presha. Kwenye nchi zenye kumbukumbu nzuri, watoto wenye mtindio wa ubongo ni kama 2 hadi 3 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Zidisha mara 6 unapata 18. Maana yake zaidi ya 980 hawana. Mama anayesoma huku ananyonyesha aone na hiyo.

mkunga_mufindi

@DktKijana hesabu ni hiyo, na nafurahi umeiweka wazi. Ila mimi ndiye ninayewaona hao 18 wakiletwa wana miaka mitatu, viungo vimeshakakamaa, mama kazunguka kwa waganga wote. Wangeonekana wakiwa na miezi sita mazoezi yangeanza mapema. Siwezi kunyamaza ili nisitishe watu.

@fundi_Mwanjelwa mkeo hana kosa. Kondo likiwa bovu, sahani ijae isijae, kinachomfikia mtoto ni kidogo. Chakula ni njia nyingine ya kufika palepale, na kwetu huku njia hizo zinakutana. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano nchi nzima ni asilimia 30. Iringa ni 56.9. Njombe 50.4. Mikoa inayolisha nchi! Na si udumavu wote unaanzia kwenye uji mwepesi. Makadirio yaliyochapishwa 2013 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati yanasema takriban sehemu moja ya tano ya udumavu chanzo chake ni mtoto kubanwa tumboni. Huyo anazaliwa akiwa nyuma tayari.

Ugali upo, tena mwingi. Kinachokosekana ni cha kuusindikiza. Maharage yanapelekwa sokoni, mayai yanapelekwa sokoni, maziwa yanapimwa kwa mnunuzi, mjamzito anabaki na ugali na majani. Juu yake aongeze kupalilia mpaka mwezi wa mwisho, kuni kichwani, na mimba iliyoingia mtoto wa kwanza akiwa bado yupo ziwani. Na binti wa miaka 16 ambaye mwili wake wenyewe bado unakua anagombania chakula na mtoto aliye tumboni.

Mzee wa Makete

Shikamooni mnaostahili, wengine marahaba.

Nimesoma yote. Sisi wazee wa milimani tunakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo. Miaka ya 80 na 90 walipita wakigawa vidonge vya mafuta ya aidini, maana chumvi tuliyokula haikuwa nayo na udongo wetu umeoshwa na mvua. Tulidhani ni dawa ya shingo tu. Baadaye ndipo tulipoelezwa kwamba mama asipopata aidini, mtoto anaumia ubongo akiwa tumboni. Je, Sista, hilo nalo linaingia kwenye mada yako?

mkunga_mufindi

Marahaba mzee wetu... hapana, shikamoo mzee! Umri umenikaa vibaya leo.

Ni jirani wa mada. Ukosefu wa aidini unaweza kuuumiza ubongo hata kama mtoto kazaliwa na kilo tatu na nusu, kwa sababu homoni za tezi la shingo ndizo zinazoongoza ujenzi wa neva. Kwa hiyo uzito mzuri peke yake haukupi cheti cha ubongo. Chumvi yenye madini joto, yaani hiyo aidini, sasa ni sheria, ila ile ya mawe inayouzwa kwa kopo minadani sina imani nayo. Na chumvi ya pakiti ikiachwa wazi juani au karibu na moto, aidini inapungua.

KyelaKwetu

Ugonile mose. Naona watu wa baridi mnajadili chakula na kondo, huku bondeni sisi adui yetu anajulikana. Mbu.

DktKijana

@KyelaKwetu umegusa penyewe. Malaria ya mjamzito ina ujanja wake. Vimelea vinajishikiza ndani ya kondo na kukaa hapo, mama anaweza asiwe na homa kabisa, na kipimo cha kidole kikasema hana. Kondo limejaa vimelea na seli za ulinzi, njia ya chakula inaziba, mtoto anabaki mdogo. Ndiyo maana tunatoa SP, vidonge vya kukinga malaria, kliniki hata kwa asiyeumwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2012 linasema zianze muhula wa pili wa mimba, kila hudhurio, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja, na zisipungue tatu. Umeze palepale mbele ya nesi, usizipeleke nyumbani zikalale kwenye pochi. Anayetumia Septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, amwambie nesi.

Sasa wenzangu wa Njombe na Makete msijisahau. Mwanamke wa milimani hana kinga aliyoizoea wa Kyela. Anashuka Usangu msimu wa mpunga akiwa na mimba ya miezi minne, analala kwenye kibanda hakina neti, anarudi Makambako anajisikia mzima. Huyo ndiye wa kumwogopea zaidi.

Mlanzi Original

Mnatutisha tu. Bibi zetu walikunywa ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, na mimba zao, wakazaa watu 10, wote wana akili, mmoja yuko bungeni. Ulanzi ni chakula bwana. Mtogwa, ule mtamu ambao haujachacha, hata mtoto anapewa.

mkunga_mufindi

@Mlanzi Original nilikuwa nakusubiri, uzi wa Iringa haukamiliki bila wewe.

Ulanzi unaotoka kwenye mwanzi asubuhi na ule wa jioni si kitu kimoja. Unachacha humohumo kwenye mbeta, chombo cha kukingia, kila saa kileo kinapanda. Kileo kinavuka kondo bila kizuizi na kumfikia mtoto, na ini lake bado halijaweza kazi hiyo. Kinadumaza mwili na kinaumiza ubongo moja kwa moja, hivyo hapo mtoto anapigwa mara mbili. Hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, uwe ulanzi, komoni au bia ya chupa.

Na bibi yako aliyezaa 10, muulize waliozikwa walikuwa wangapi. Bibi yangu hakuwahi kuwahesabu kwa sauti.

Mlanzi Original

Hapo umenyamazisha mtu.

fundi_Mwanjelwa

Jamani mniwie radhi, ila kuna mshkaji kijiweni kaniambia ughaibuni kondo likigoma wanampa mama Viagra. Kweli au fix?

DktKijana

Usicheke, ni kweli ilijaribiwa. Wazo lilikuwa na mantiki, kwamba dawa inatanua mishipa, basi itanue na ya mji wa mimba. Uingereza haikuonyesha faida. Uholanzi utafiti ulisimamishwa 2018 baada ya watoto kadhaa waliozaliwa na mama waliopewa dawa hiyo kupata matatizo ya mapafu na kufa. Kwa hiyo mshkaji wako mwambie aendelee kuitumia kwa shughuli zake.

Mpaka sasa hakuna dawa ya kutengeneza kondo lililokwisha haribika. Kulala kitandani siku nzima nako hakujathibitishwa kusaidia. Kilichopo ni kuzuia kabla, kwa wale wenye hatari ya kifafa cha mimba: aliyewahi kuugua, mwenye presha ya siku nyingi, mwenye kisukari, mwenye mapacha. Hao daktari anaweza kuwaanzishia aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75, kabla ya wiki ya 20. NARUDIA: daktari. Msiende duka la dawa kwa sababu ya uzi huu.

Tiba ya pili ni kuzalisha kwa wakati. Ukimtoa mapema sana unapata njiti ambaye ubongo wake haujakomaa, ukimchelewesha anaendelea kukosa hewa au anafia ndani. Huo uamuzi unahitaji Dopla, utrasaundi inayopima damu inavyopita, ya mshipa wa kitovu, na mashine hiyo mara nyingi utaikuta hospitali kubwa. Kazi ya zahanati ni kumgundua na kumsukuma huko mapema.

binti_Uyole

Naomba niulize na mimi. Kumgundua ndiyo kupi? Nilihudhuria kliniki yote. Nilikuwa napimwa uzito na presha, tumbo linaguswa harakaharaka, naambiwa "linaendelea vizuri, nenda." Mtoto kazaliwa wiki ya 39 na kilo 2.0. Sitataja kituo. Sasa ana miezi minane.

mkunga_mufindi

Pole mdogo wangu. Kugundua kunaanza na tepu ya fundi cherehani, ile ya kupimia nguo. Ncha moja inawekwa juu ya mfupa wa kinena, nyingine kwenye kilele cha mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 24 hivi sentimita zinakwenda karibu sawa na wiki: wiki ya 30, sentimita kama 30. Ikipungua kwa zaidi ya mbili au tatu, au hudhurio hili na lililopita namba haijasogea, huyo anapelekwa utrasaundi. Mjamzito una haki ya kuuliza, "Sista, leo imesoma ngapi?" na kuona ikiandikwa kwenye kadi.

Ila tepu haina maana kama wiki hazijulikani. Mama anayeanza kliniki tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, hakumbuki hedhi ya mwisho, nitajuaje kama mtoto ni mdogo au mimba ni changa? Ndiyo sababu ya kusisitiza hudhurio la kwanza kabla ya wiki ya 12, na utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ile ya mwezi wa nane ya kuangalia jinsia haiwezi tena kutaja umri wa mimba kwa uhakika.

Na mtoto akipunguza kucheza, usilale nalo. Siku hiyohiyo nenda. Kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso kuvimba, maumivu juu ya tumbo, vivyo hivyo.

Huyo wako wa miezi minane anaendeleaje?

binti_Uyole

Anacheka, ananijua, ananyonya vizuri. Kukaa bado anayumba, namwekea mito. Kitu kimoja ndicho kinanishangaza, vitu vyote anachukua kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe anasema ana mashoto kama babu yake.

Mama Njombe

Poleni na majukumu. Mimi ni bibi, nina wajukuu. Kwetu mtoto mdogo kama huyo tunamweka jikoni karibu na moto, maana baridi ya Juni na Julai huku inakata masikio. Tunamfunga na blanketi mbili. Mbona hamlisemi hilo?

mkunga_mufindi

Shikamoo mama. Umesema jambo zito, nakujibu kwanza, binti wa Uyole nakuja.

Baridi kwa watoto hawa ni hatari kweli. Hana mafuta chini ya ngozi, na ini lake halina akiba ya sukari. Akipoa, anachoma sukari kidogo aliyonayo, inaisha, na ubongo ndio mlaji mkubwa. Sukari ikishuka sana saa za kwanza, ubongo uliookoka tumboni unaumia ukiwa mikononi mwetu. Inauma zaidi kwa sababu linazuilika. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, arudiwe kila saa mbili au tatu hata kama kalala, mwamshe. Akinyong'onyea, akitetemeka, akikataa ziwa, mkimbize.

Ila moto wa kuni ndani ya jiko lililofungwa una moshi, na moshi unamdhuru mtoto aliyezaliwa na hata aliye tumboni. Mama anayepikia kuni ndani miezi yote tisa naye anajihatarishia uzito wa mtoto. Joto zuri kuliko yote ni kifua cha mtu. Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, mweke wima katikati ya matiti, mfunge na khanga, juu vaa koti lako. Tunaiita huduma ya kangaroo. Ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8: walioanzishiwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie, vifo vilipungua kwa robo. Na si lazima mama. Baba anaweza, bibi unaweza. Kifua chako mama kina joto kuliko hilo jiko.

Mama Njombe

Ahaa. Sasa mkwe wangu wa kiume akifungiwa mtoto kifuani watu si watamcheka?

fundi_Mwanjelwa

Mama acha wacheke. Mimi nilifunga wangu kifuani nikawa nacheki mpira. Arsenal wakafungwa, mtoto hakuamka.

Mwl_Ilembula

Wakuu, mimi ni mwalimu wa awali. Nina watoto darasani ambao ukiwapa maagizo matatu wanabaki na moja. Si wakorofi, wanataka kufanya, wanasahau. Sijui walizaliwa na kilo ngapi na siwezi kumbandika mtoto jina kwa kukisia. Swali langu ni hili: mtoto aliyebanwa tumboni akishafika miaka miwili, mitatu, mlango umefungwa?

DktKijana

Haujafungwa, na jibu zuri nililonalo limetoka Jamaika. Kingston waliwachukua watoto waliotimiza wiki 37 na zaidi lakini wakiwa chini ya kilo 2.5, ndio hawahawa tunaowajadili. Nusu yao walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa kawaida, si madaktari, kwanza wiki 8 za mwanzo, kisha kuanzia miezi 7 hadi 24. Wakiwafundisha mama nini? Kuongea na mtoto, kumjibu anapotoa sauti, kucheza naye kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Basi. Walipopimwa wakiwa na miaka 6, waliotembelewa walikuwa na kumbukumbu nzuri zaidi ya vitu vya kuona, na matatizo ya tabia yalikuwa machache.

Ubongo unaendelea kujengwa kwa kasi miaka miwili ya kwanza, na wengi wa watoto hawa hufidia urefu katika kipindi hichohicho. Ila kufidia si kumshindilia. Miezi sita ni ziwa tupu, si maziwa ya ng'ombe wala uji wa mwezi wa tatu eti apate nguvu. Aliyezaliwa na uzito pungufu pia anahitaji madini chuma mapema kuliko wengine, dozi anapanga daktari kwa kilo zake.

Mwl_Ilembula

Hapo nimepata kitu. Huku kwetu mtoto anabebwa mgongoni amefunikwa gubigubi mpaka jioni, mama analima, hakuna anayemsemesha mpaka aanze kutembea. Wanasema "bado hajui kitu." Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ilizinduliwa Desemba 2021, mabango tumeyaona. Kijijini kwangu bado ni mabango.

mkunga_mufindi

Mwalimu, kopo lenye punje za mahindi ndani lililofungwa vizuri, gunzi, kijiko na sufuria. Msemeshe hukohuko mgongoni: "Twende kwenye maharage, ona kuku yule." Haigharimu palizi.

Sasa @binti_Uyole. Kukaa kwa kuyumba miezi minane bado ni ndani ya kawaida; wengi wanakaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi 9 na siku kidogo. Kwa kuwa alitimiza wiki zake, usipunguze umri kama tunavyofanya kwa njiti. Kinachonigusa ni mkono. Mtoto hapaswi kuchagua mkono kabla ya mwaka mmoja. Akichagua mapema, mara nyingi si kwamba mkono wa kushoto una nguvu, ni kwamba wa kulia una shida. Jaribu hivi leo: mkalishe mapajani, mshike mkono wa kushoto taratibu, mpe kijiko upande wa kulia. Angalia kama ananyoosha mkono, kama kiganja kinafunguka au kinabaki ngumi na kidole gumba ndani. Ukimbadilisha nguo, sikilizia kama mkono au mguu huo mmoja ni mgumu kuliko mwenzake.

binti_Uyole

Nimejaribu. Anaunyoosha lakini polepole, na ngumi inachelewa kufunguka. Mguu naona sawa. Nimeogopa.

DktKijana

Usiogope kwa jibu la mtandaoni, na usisubiri pia. Kwa Uyole uko karibu na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Anzia kituo chako ukaombe rufaa ya kuonana na daktari wa watoto na mtu wa mazoezi ya viungo. Beba kadi ya kliniki yenye uzito wa kuzaliwa. Waambie maneno haya: "alizaliwa wiki ya 39 na kilo 2.0, na anatumia mkono mmoja." Wapime na mzingo wa kichwa, waulinganishe na vipimo vilivyopita kama viliandikwa. Hata wakikuta ni udhaifu mdogo wa upande mmoja, mazoezi yanaanza wiki hiyohiyo na umri huu ni mzuri kwa kuanza.

binti_Uyole

Kwenye kadi kichwa kimeandikwa mara moja tu, siku ya kuzaliwa, sentimita 33. Nyingine zote wameacha wazi. Jumatatu naenda. Mama mkwe kasema tutaenda wote, anataka kumsikia daktari kwa masikio yake.

mkunga_mufindi

Mwende naye. Na hiyo 33 inakili tu kwenye daftari, wataihitaji.